Shajara ya mradi: kupima mapigo ya moyo ili kubaini mapema neva zilizoharibiwa na kisukari, Lindi 2024–2025

8 Julai 2024: Tunachotafuta

Katika kliniki yetu ya kisukari, iliyo ndani ya hospitali moja ya mkoa wa Lindi, mgonjwa hupimwa sukari, presha na uzito, miguu yake hukaguliwa kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, na nafasi ikipatikana macho yake hutazamwa. Moyo hauguswi mpaka mgonjwa alalamike. Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba kisukari kinachoua neva za nyayo huua pia neva zinazouongoza moyo, na mtu ambaye neva hizo zimeharibika anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu ya kifua ambayo humfanya mwingine akimbilie hospitali. Mgonjwa wa namna hiyo halalamiki, kwa hiyo utaratibu wa kusubiri malalamiko hauwezi kumpata.

Neva tunayoifuatilia zaidi ni ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kwenye moyo, ikafika tumboni. Ni ndefu kuliko nyingine za mfumo wake, ule unaoendesha viungo vya ndani bila sisi kuamua, na kwa kawaida ni miongoni mwa zinazodhurika mapema. Kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usiende mbio, na kwa sababu inafanya kazi hiyo kwa kukaza na kulegeza kufuatana na pumzi, moyo wa mtu mzima wa afya huongeza kasi anapovuta pumzi na hupunguza anapoitoa. Muda kati ya pigo na pigo kwa hiyo haulingani. Neva inapodhoofika, tofauti hizo hupungua, na mwishowe mapigo hufuatana kwa vipindi vinavyokaribia kulingana, huku kasi ya moyo uliopumzika ikipanda.

Jambo hili si geni. David Ewing na Basil Clarke wa Edinburgh walilifanyia kazi tangu miaka ya 1970, wakaweka vipimo vitano vya kando ya kitanda ambavyo hadi leo ndivyo msingi, na mwaka 1996 jopo la wataalamu wa moyo wa Ulaya na Amerika Kaskazini likatoa kanuni za jinsi ya kurekodi na kukokotoa. Tunachojaribu sisi ni kujua kama kazi hiyo inawezekana katika chumba chenye benchi, pazia na foleni ndefu, kwa vifaa ambavyo kliniki ya wilaya inaweza kuvinunua.

Matokeo ya wagonjwa hayataandikwa humu. Kuyatangaza kunahitaji kibali cha maadili ya utafiti, na anayetaka kuiga kazi hii kwa nia ya kuchapisha aanzie kwenye kibali hicho kabla ya kununua hata waya mmoja. Namba za mifano zilizomo humu ni za hesabu tu.

19 Agosti 2024: Kifaa cha kuunga wenyewe

Fundi wa vifaa tiba aliunganisha bodi ndogo ya kusomea umeme wa moyo, yenye chipu ya AD8232, na bodi ya Arduino, ambayo ni kompyuta ndogo ya kuungia vifaa, kisha akapeleka ishara kwenye kompyuta mpakato. Vifaa vyote, pamoja na nyaya na pakiti ya elektrodi za kubandika, vilifika kutoka Kariakoo kwa basi na vilitugharimu takriban shilingi laki moja na ishirini elfu.

Siku ya kwanza skrini ilionyesha ukungu wa mawimbi tu. Umeme wetu wa ukutani hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mwili wa mtu aliyelala karibu na feni, chaja na taa ya mrija huudaka umeme huo vizuri kuliko elektrodi zinavyodaka moyo. Tulichomoa chaja, tukazima feni, tukasokota nyaya za elektrodi pamoja badala ya kuziacha zimetawanyika, na vilele vya mapigo vikaonekana. Kuchomoa chaja hakukuwa kwa ajili ya usafi wa ishara peke yake. Kifaa kilichoungwa kwa mkono hakina kinga ya kitabibu inayomtenga mgonjwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo mtu akiwa ameunganishwa, kompyuta itumie betri yake na kusiwe na waya wowote unaoelekea ukutani. Tumeliandika jambo hili kwa kalamu nene juu ya boksi la kifaa, na anayeiga aliandike pia.

Jasho la Agosti si kali kama la Januari, lakini hata hivyo elektrodi zilibanduka. Kufuta ngozi kwa spiriti na kusubiri ikauke kabisa kulitosha.

23 Septemba 2024: Namba zilizokataa kushuka

Kipimo tulichokianza ni kile kinachoitwa RMSSD. Huchukuliwa tofauti kati ya kila kipindi cha pigo na kipindi kinachofuata, kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe, hutafutwa wastani wa majibu hayo, kisha huchukuliwa kipeuo cha pili. Jibu huwa katika milisekunde, na likiwa dogo huashiria neva dhaifu. Watumishi vijana waliojilaza kwa majaribio walipata namba za kuridhisha, na tukadhani kifaa kiko sawa.

Kilichotutia shaka ni kwamba hakuna aliyewahi kupata chini ya 7, hata wale ambao mstari wao ulionekana kwa macho kuwa umenyooka kabisa. Fundi akatengeneza mapigo ya bandia kwa bodi ya pili, yanayotengana kwa milisekunde 703 bila kubadilika. RMSSD ya mapigo kama hayo inapaswa kuwa sifuri. Kifaa kilitoa namba kati ya 7 na 8.

Chanzo kilikuwa programu tuliyoipakua, iliyosoma ishara mara 100 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila kilele kiliandikwa kwenye alama iliyo karibu nacho, na alama zenyewe zilitengana kwa milisekunde 10. Kosa la kilele kimoja ni dogo, lakini kila tofauti inayoingia kwenye RMSSD hutokana na vilele vitatu, tena cha katikati huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo makosa hujumlishwa. Hesabu ikifanywa hadi mwisho, kelele inayoongezwa ni karibu 0.7 ya hatua ya usomaji: hatua ya milisekunde 10 huongeza kelele ya 7, ya milisekunde 4 huongeza 2.8, na ya milisekunde 2 huongeza 1.4. Kelele hiyo hujumlishwa na thamani ya kweli baada ya kila moja kuzidishwa kwa yenyewe. Kijana mwenye 40 husomeka karibu 41, na hakuna anayeona kasoro. Mgonjwa ambaye neva yake imekwisha na ana 5 husomeka karibu 9. Ndiyo maana majaribio ya watumishi wenye afya hayakuweza kuliibua kosa.

Kuna jambo dogo ambalo anayeiga asilipuuze. Kama tungechagua mapigo ya bandia ya milisekunde 700 kamili, kila kilele kingeangukia juu ya alama, kifaa kingetoa sifuri, na tungekipitisha. Jaribio lifanywe kwa muda usiogawanyika kwa hatua ya usomaji.

Tulipandisha usomaji hadi mara 500 kwa sekunde. Kanuni za 1996 zinataka 250 hadi 500 au zaidi, na sasa tunaelewa kwa nini. Gharama ya marekebisho ilikuwa jioni chache za fundi na hakuna senti iliyotoka.

14 Oktoba 2024: Kamera ya simu

Mwenzetu mmoja alipendekeza programu ya simu janja inayosoma mapigo kwa kidole kilichofunika kamera, kwa kuwa haina gharama. Tuliijaribu na kuiacha mapema. Kidole hakionyeshi umeme wa moyo, bali wimbi la damu linalofika baadaye, na muda wa kufika kwake hubadilika kwa pumzi, kwa presha na kwa ugumu wa mishipa ya damu, ambayo kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu imeshakuwa migumu. Kilele cha wimbi hilo pia ni butu, hivyo programu hukisia mahali kilipo. Kamera ya simu kwa kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde, yaani hatua ya milisekunde 33, na baada ya somo la Septemba hatukuhitaji kuendelea. Kwa kujua kasi ya moyo inafaa. Kwa swali letu haifai.

25 Novemba 2024: Mkanda wa kifua, na msimu wa korosho

Elektrodi za kubandika ni matumizi ya mara moja, na kwa kliniki yenye wagonjwa wengi zingekuwa gharama isiyokoma. Tulinunua mkanda wa kifua wa wanamichezo, unaosoma umeme wa moyo na kutuma kila kipindi cha pigo kwa Bluetooth katika vipande vya 1/1024 ya sekunde, yaani chini kidogo ya milisekunde moja. Pamoja na usafirishaji ulifika karibu shilingi laki tatu. Kile kifaa tulichounga wenyewe hakikutupwa. Kimebaki kwa kukagulia, kwa sababu mkanda hutuma namba bila picha ya umeme wenyewe, na umuhimu wa picha hiyo utaonekana katika maandishi ya Januari.

Mkanda huvaliwa chini ya matiti, ukigusa ngozi iliyoloweshwa kwa maji. Hilo lina maana kwamba mwanamume hawezi kumvisha mgonjwa mwanamke, na wala haifai ajaribu. Tulipoanza, akina mama kadhaa walikubali kwa kunyamaza, kisha wakaomba kurudi siku nyingine, na siku nyingine hiyo haikufika. Sasa muuguzi wa kike humweleza mgonjwa kazi ya mkanda kabla ya kuingia nyuma ya pazia, mgonjwa hujivisha mwenyewe juu ya kanga aliyojifunga kiunoni, na muuguzi huhakikisha tu kama umekaza. Mkanda huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kwa sababu hukauka polepole, tulilazimika kununua kamba ya pili ya kuvaa peke yake bila kihisio.

Msimu wa korosho umeipunguza foleni. Wakulima wako mashambani wakiokota, wengine wanasubiri minada ya vyama vyao, na wanaofika wametoka mbali kwa bodaboda au kwa miguu. Mtu aliyetembea saa nzima hapumziki kwa dakika tano. Zaidi ya hayo, huu ndio wakati mabibo yanapogeuzwa uraka, na pombe ya jana usiku hupunguza mabadiliko ya mapigo ya leo asubuhi na kuharakisha moyo. Tumeongeza maswali matatu kwenye fomu, la uraka, la kahawa na la sigara, na ni muuguzi anayeyauliza, kwa kuwa kwangu mimi majibu yote huwa ni hapana.

20 Januari 2025: Pigo moja lililokuja mapema

Hapa ndipo mradi ulipokaribia kupoteza maana. Mgonjwa wa miaka mingi, mwenye moyo uliopumzika unaokwenda kasi, kizunguzungu anaposimama na nyayo zisizohisi uzi wa nailoni, alitoka na RMSSD nzuri kama ya mwanafunzi wa sekondari. Tulirudia kwa kile kifaa tulichounga wenyewe ili kuona picha, na picha ikaeleza: katikati ya mapigo yaliyolingana kulikuwa na pigo la ziada lililotangulia wakati wake, likafuatwa na kituo kirefu.

Mapigo kama hayo ni ya kawaida hata kwa watu wazima wenye afya. Ubaya wake uko kwenye hesabu. Chukua mapigo yanayotengana kwa milisekunde 700, yenye RMSSD ya kweli ya 5. Kwa dakika tano yatakuwa karibu 430. Sasa pigo moja lije mapema, kipindi chake kiwe 450 na kinachofuata kiwe 950. Tofauti zitakazoingia ni 250, 500 na 250, na zikizidishwa kila moja kwa yenyewe zinatoa jumla ya 375,000. Gawanya kwa 430, ongeza 25 za ile RMSSD ya kweli, chukua kipeuo cha pili, utapata karibu 30. Pigo moja kati ya 430 limempandisha mgonjwa kutoka 5 hadi 30.

Ukiunganisha jambo hili na lile la Septemba, utaona kuwa makosa ya kupimia yana upande. Hatua pana za usomaji, mapigo ya ziada, mkanda uliolegea, mgonjwa aliyekohoa au aliyejikuna, yote huongeza mabadiliko. Hakuna hata moja linaloyapunguza. Kifaa kibovu kwa hiyo hakitoi namba za ovyo zinazoshtua, bali hutoa namba nzuri, na wanaofichwa na namba hizo ndio hasa tuliokuwa tunawatafuta. Kwa kipimo cha uchunguzi wa awali sijui kasoro mbaya zaidi ya hiyo, na nadhani ndiyo inayowafanya baadhi ya watu wavisifu vifaa rahisi kupita kiasi: vinawaambia wengi kwamba ni wazima.

Marekebisho ni mawili. Programu inatia alama nyekundu kwenye kila kipindi kinachotofautiana na majirani zake kwa zaidi ya asilimia 20, na mtu lazima atazame mchoro wa vipindi vyote kabla ya namba yoyote kuandikwa kwenye faili. Tulikataa kuiachia programu ifute yenyewe, kwa sababu kwa kijana mwenye neva nzima pumzi nzito yaweza kuleta mabadiliko makubwa ya kweli, na kuyafuta ni kumtengenezea ugonjwa. Mchoro ukionyesha mapigo yasiyo na mpangilio wowote tangu mwanzo hadi mwisho, hatukokotoi kitu. Huyo hupelekwa kufanyiwa kipimo kamili cha umeme wa moyo na kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

17 Februari 2025: Kuvuta na kutoa

Tumehamia kwenye kipimo cha pumzi nzito, ambacho katika vile vitano vya Ewing ndicho tunachokiamini zaidi. Mgonjwa huvuta pumzi kwa sekunde tano na kuitoa kwa sekunde tano, mara sita kwa dakika moja. Katika kila pumzi hutafutwa kasi ya juu na kasi ya chini ya moyo, na wastani wa tofauti hizo sita ndio jibu. Viwango vya awali vilisema tofauti ya mapigo 15 kwa dakika au zaidi ni ya kawaida, 11 hadi 14 ni ya mpakani, na 10 au pungufu si ya kawaida. Viwango hivyo havikutenganisha umri, na kwa kuwa mabadiliko ya mapigo hupungua kadiri mtu anavyozeeka, mzee wa miaka 70 asihukumiwe kwa kipimo cha kijana wa miaka 30. Sisi tunaandika umri kando ya kila jibu, na kwa wazee tunataka ushahidi wa kipimo cha pili kabla ya kusema lolote.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba kinaishtua neva badala ya kuisubiri, hivyo jibu halitegemei sana kama mgonjwa alilala vizuri au anaogopa koti jeupe. Shida yake ni kwamba lazima mtu apumue unavyotaka.

Tulianza na mstari wa kijani unaopanda na kushuka kwenye skrini. Bibi mmoja alivumilia kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hicho cha kijani mimi nakiona ukungu mtupu." Alikuwa sahihi kutulaumu, maana katika kliniki ya kisukari wenye mtoto wa jicho na retina zilizoharibika ni wengi, na tulikuwa tumechagua kuwaongoza kwa macho. Muuguzi akamjibu, "Basi usitazame huko, bibi, nifuate mimi," akakaa mbele yake, akapumua naye.

Tuliporekodi sauti ya kuhesabu moja hadi tano, wengi waliijaza pumzi yote kwenye moja na mbili, wakaibana hadi tano. Mchoro wao ulionyesha mruko mmoja na uwanda mrefu, na tofauti ikawa ndogo kuliko ilivyostahili. Wengine walitoa kwa nguvu kana kwamba wanapuliza moto wa mkaa. Tuliondoa hesabu kabisa. Sauti iliyobaki ni ya muuguzi akisema "vuta" na "toa" kwa kuirefusha silabi ya mwisho kwa sekunde tano kamili, huku mkono wake ukipanda na kushuka, na mgonjwa aliyeshindwa kuuona huwekewa mkono begani. Kabla ya kurekodi kuna pumzi mbili za mazoezi na dakika moja ya mapumziko. Hatuzidishi sita, kwa sababu anayeendelea hupata kizunguzungu na ganzi midomoni, na hapo tunapima jambo jingine.

RMSSD ya kulala tumeendelea kuiandika kama kumbukumbu, lakini haitumiki tena kuamulia.

10 Machi 2025: Ramadhani

Mfungo umeanza mwanzoni mwa mwezi huu, na wagonjwa wetu wengi wamefunga licha ya ushauri waliopewa baadhi yao. Tumesimamisha vipimo vya kusimama mpaka baada ya Idi. Mtu aliyekosa maji tangu alfajiri katika joto la pwani presha yake itashuka akisimama hata kama neva zake ni nzima, na anayetumia insulini au glibenklamaidi bila kula anaweza kuwa na sukari ya chini, ambayo peke yake huvuruga mapigo. Mwaka wowote mwingine ratiba ipangwe kwa kuutazama mwezi huu kwanza.

Kanuni ya sukari tumeifanya ya kudumu: kila mgonjwa huchomwa kidole kabla ya mkanda, na sukari yake ikiwa chini ya 3.9 mmol/L hutibiwa, hapimwi moyo siku hiyo.

12 Mei 2025: Kusimama, na vidonge vya usiku

Kipimo cha pili tulichokubali ni cha kusimama. Mgonjwa aliyelala dakika kumi husimama kwa haraka. Kwa kawaida moyo huenda mbio kufikia karibu pigo la 15, kisha hupunguza mwendo kufikia karibu pigo la 30. Kipindi kirefu cha karibu na pigo la 30 hugawanywa kwa kifupi cha karibu na la 15. Jibu la 1.04 au zaidi ni la kawaida, na la 1.00 au pungufu si la kawaida. Presha hupimwa akiwa amelala, kisha baada ya dakika moja na ya tatu akiwa amesimama, na kushuka kwa 20 ya juu au 10 ya chini huhesabika.

Kitanda cha hospitali kiko juu mno kwa kazi hii. Wazee waliteremka kwa awamu, wakaegemea, wakatafuta kandambili, na pigo la 15 lilikuwa limeshapita. Seremala alitutengenezea benchi la kulalia la kimo cha goti kwa karibu shilingi laki moja na nusu. Mwenye kidonda cha mguu hafanyi kipimo hiki.

Kile cha Valsalva, cha kupuliza hadi 40 kwenye kipimo cha zebaki kwa sekunde 15, tumekiacha. Msukumo huo unaweza kupasua mishipa mipya na dhaifu ya retina, na wagonjwa wetu wengi hawajachunguzwa macho. Kipimo kinachoweza kumpofusha mtu ili kujua hali ya neva yake hakina nafasi hapa.

Dawa zimetusumbua kwa upande ulio kinyume na vifaa. Amitriptilini, tunayowapa wenye nyayo zinazowaka usiku, hupunguza mabadiliko ya mapigo na hushusha presha mtu anaposimama, na wanaoitumia ndio haohao wenye neva zilizodhurika, hivyo haijulikani kilichopimwa ni ugonjwa au kidonge. Tulifikiria kuwaambia wairuke dozi ya usiku mmoja, lakini dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na usiku mmoja wa maumivu haungesafisha jibu. Atenololi na propranololi, ambazo ni dawa za presha, hukosesha kwa upande wa pili: hupunguza kasi ya moyo na kumfanya mwenye moyo unaokwenda mbio aonekane ametulia. Uamuzi ni kutomwachisha mtu dawa kwa ajili ya kipimo. Dawa zote huandikwa juu ya fomu, na jibu baya la anayetumia amitriptilini husomwa kwanza kama sababu ya kuipitia upya dozi yake, jambo ambalo lina faida hata kama neva ni nzima.

21 Julai 2025: Utaratibu ulivyo sasa na kinachobadilika kwa mgonjwa

Mgonjwa hufika asubuhi bila kunywa chai wala kahawa, kama alivyozoea kwa ajili ya sukari ya kufunga. Huchomwa kidole, hulala kwenye benchi dakika kumi akiwa na mkanda, hufanya pumzi sita, hupumzika, husimama, hupimwa presha mara mbili, hunywa chai. Ni takriban dakika 25, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa kuwa zinatoka kwa muuguzi aliyekuwa na kazi nyingine. Fedha zilizotumika hadi leo, pamoja na pazia, sabuni na betri, hazijafika laki nane.

Tunafuata mpangilio wa jopo la Toronto, la wataalamu wa neva zilizoharibiwa na kisukari: jibu moja baya ni dalili ya awali na hurudiwa, majibu mawili yanathibitisha, na presha ikishuka pamoja nayo ugonjwa umekwenda mbali. Hatumwiti mtu mgonjwa wa moyo kwa jibu la asubuhi moja.

Daktari wetu aliuliza swali la haki: ukishajua, utafanya nini? Hakuna kidonge cha kuirudisha neva ya vagasi. Kwa aina ya kwanza ya kisukari, jaribio la DCCT lilionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukaribu hupunguza uharibifu huu, na kwa aina ya pili, jaribio la Steno-2 la Denmark lilionyesha faida ya kushughulikia sukari, presha na mafuta ya damu kwa pamoja. Hayo tungeyafanya kwa kila mgonjwa hata bila mkanda. Yanayobadilika ni mengine. Faili yake hubandikwa karatasi ya njano ili mtoa dawa ya usingizi ajue kabla ya upasuaji kwamba presha yake inaweza kuanguka ghafla. Malalamiko ya uchovu usioelezeka, jasho au kupumua kwa shida hayasubiri maumivu ya kifua ndipo yachukuliwe kuwa ya moyo. Dozi za dawa za presha hupitiwa upya. Ndugu anayeishi naye hufundishwa dalili za sukari kushuka, kwa sababu moyo kwenda mbio na kutetemeka, ambavyo vingemwonya mgonjwa mwenyewe, huenda visitokee. Nikipima dakika 25 kwa mambo hayo, naona zinalipa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, mwenye nyayo zisizohisi au moyo uliopumzika unaozidi mapigo 100. Kwa kila anayeingia mlangoni, sidhani, na kliniki inayoanza ianze na hao.

Hatua inayofuata ni kuwapima watu walewale asubuhi mbili tofauti bila kubadili dawa, ili tujue jibu la mtu mmoja hutofautiana kiasi gani lenyewe kwa lenyewe kabla hatujalinganisha mwaka huu na mwaka ujao. Kazi hiyo inapaswa kwisha Septemba, kwa sababu Oktoba watu watakuwa kwenye mikorosho.